Daftari la kambini si faili la mahojiano

Hapa Kigoma tumezoea kusema kwamba mkimbizi akishika kalamu anaandika kilio. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wana huruma. Lakini mpe mmoja wao daftari la mashairi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu uone: atalifungua uso umeshaingia huzuni, atafute bunduki, mtumbwi wa usiku, mtoto aliyepotea njiani. Akikutana na beti za kumsimanga wifi mchoyo, au za kusifu migebuka, samaki wa mji wa Baraka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, atasema mwandishi katoka nje ya mada.

Mada ya nani?

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliovuka ziwa hilo kutoka Kivu Kusini, Kongo. Mwaka 2015 wakaongezeka Warundi, wengi wakitolewa kijiji cha Kagunga kwa meli ya MV Liemba hadi Kigoma mjini. Tangu siku ya kwanza mkimbizi huulizwa swali lile lile: ulikimbia nini? Humjibu karani, humjibu afisa, humjibu na mgeni mwingine faili linapohamia meza nyingine. Habari ya kukimbia kwake imekuwa mali ya ofisi. Katika daftari hakuna anayemuuliza, ndiyo maana anaandika habari za wifi. Nasi tunalifungua, tunamkalisha chini, tunaanza kumhoji upya.

Kuna na wale wanaocheka lugha. Eti Kiswahili cha Wakongo ni kibovu, hakifai fasihi. Kusikia maneno haya Ujiji kunaniuma kuliko kwingine kokote, kwa sababu misafara ya karne ya 19 iliyopeleka Kiswahili ng'ambo ya ziwa ilipita Ujiji hii hii. Mwaka 1965, Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, watu waliowahi kuwa maboi wa Wazungu waliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili chao cha kila siku, chini ya jina la André Yav. Hakuna aliyewasahihishia sarufi. Wangeisubiri sarufi sanifu, tusingejua leo mji ule ulionekanaje kutoka jikoni.

Wajapani walioishi Marekani nao waliujua mkasa huu wa kuandika ukiwa kambini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walizuiliwa kambini, wao na watoto wao waliozaliwa huko huko Marekani, jumla watu wapatao 120,000. Kambi ya Tule Lake, California, ilipata jarida la fasihi mwaka 1944, kwa Kijapani, likiitwa Tessaku, yaani uzio wa chuma. Waandishi wake walikuwa wa ridhaa, na wasomaji wao walikuwa majirani waliofungiwa nao. Jarida halikuhitaji kumlilia mtu wa nje ndipo liwe fasihi. Lilikuwa na wasomaji wake, wanaojua kila jina na kila utani.

Daftari la Nyarugusu nalo lina wasomaji wake. Wapo wanaomjua wifi yule, na wapo waliokula migebuka ile Baraka kabla ya vita. Ukibahatika kusomewa, acha kumuuliza mwandishi alikimbia nini. Muulize wifi alinyima nini, kisha mwombe aurudie ubeti wa samaki, polepole, kwa Kiswahili chake.