Kabla ya Kukimbilia Injini ya Dubai

Hiace yenye injini ya 3L ikianza kutoa moshi wa bluu kwenye vilima, na stiki ya oili ikawa inashuka kila asubuhi, mwenye gari hupata washauri kabla hajapata fundi. Dereva ana lake, konda ana lake, muuza vipuri naye ana lake. Wengi huelekea upande mmoja: shusha hiyo, nenda Gerezani pale Kariakoo, chukua injini ya mtumba, ile ya Dubai, funga, kipanya kirudi barabarani. Mimi niko upande wa pili. Kwa dizeli hizi za zamani, zenye pampu ya kawaida isiyotegemea kompyuta, injini unayoijua ilikotoka, ikipimwa na kufanyiwa ovaholi kamili, ni mali bora kuliko injini usiyoijua iliyopuliziwa rangi ya fedha. Haiwi hivyo kila mara, na nitasema ni lini. Lakini sababu nyingi zinazotolewa dhidi ya ovaholi hazisimami, na kuna watu wanaoteketeza mikopo ya vikoba kwa kuziamini.

Kubwa kuliko zote ni hii: "Injini ikishafunguliwa, hairudi tena kama zamani."

Maneno haya yamekuwa kama sheria gereji nzima, na chanzo chake kinaeleweka. Watu wameona injini zilizofunguliwa leo zikinoki baada ya miezi mitatu. Ila wachache huuliza zilifunguliwa wapi na zilifungwaje. Injini ya 3L ina silinda nne zenye kipenyo cha milimita 96, na pistoni husafiri milimita 96 kwenda juu. Ndipo zinapopatikana zile sentimita za ujazo 2,779. Walioibuni walijua kwamba kuta za silinda zitalika. Kwa hiyo zipo pistoni zilizozidi saizi ya kawaida kwa 0.50 ya milimita, zipo za 1.00, na zipo biringi za krenki za 0.25 na 0.50 kwa ajili ya krenki iliyokerezwa. Vipuri hivyo visingekuwepo kama injini hii isingefaa kufunguliwa. Iliundwa ifunguliwe, ichongwe, ifungwe tena.

Kinachoiua ni kufungwa kwa makisio. Mtazame fundi anayejua kazi anavyohangaika na ringi moja tu. Anaichukua ringi mpya, anaiingiza ndani ya silinda bila pistoni, kisha anaisukuma chini kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawasawa pande zote. Halafu anapitisha fila geji kwenye uwazi wa zile ncha mbili. Kwa silinda ya milimita 96, uwazi wa karibu 0.3 hadi 0.4 ya milimita ndio unaotafutwa. Ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto inatanuka, ncha zinagongana, na ukuta wa silinda unakwaruzwa. Ukiwa mkubwa, mgandamizo unavujia kwenye sampu. Ringi ni moja kati ya nyingi, na kila moja anaipima. Fundi mwingine anazifunga zote kwa nusu saa huku akiongea na simu. Wote wawili watasema wamefanya ovaholi.

Au chukua gasketi ya silinda hedi. Kwa injini hizi za Toyota za aina ya L, gasketi huja kwa unene tofauti, zikiwa na alama B, D na F, zinazopishana kama sehemu ya kumi ya milimita. Inayofaa inajulikana kwa kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku zikifika kileleni. Anayechukua gasketi yoyote aliyopewa dukani ameacha bahati iamue mgandamizo wa injini yako. Gari likisumbua baadaye, lawama inaangukia "kufunguliwa".

Hapo tunakutana na dai la pili, linalotoka kwa wale wanaojiona wako upande wangu: "Ovaholi ni ringi na biringi tu, usikubali kutapeliwa." Dai hili nalikataa kwa nguvu zaidi kuliko lile la kwanza, kwa sababu ndilo linalolizaa. Ringi mpya kwenye silinda iliyokwisha kuwa yai haiwezi kuziba. Inagusa huku, inaacha kule. Biringi mpya kwenye krenki yenye mistari italiwa ndani ya muda mfupi. Ovaholi inaanzia kwenye maikromita: silinda inapimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili, na shingo za krenki hivyohivyo. Silinda hedi inapimwa unyoofu wake, kisha inajazwa maji kwa shinikizo ili nyufa zijitokeze. Nozeli na pampu ya dizeli vinapelekwa kwenye mashine ya kupimia. Ukiondoa hatua hizo ili upunguze gharama, umenunua miezi michache tu ya kuendelea kuendesha, na afadhali ukubali hivyo tangu mwanzo kuliko kuita kazi hiyo ovaholi.

Jambo moja la mpangilio ambalo wengi hulikosea: pistoni hununuliwa kwanza, ndipo boringi ichongwe kuzifuata. Bloku ikichongwa kabla, halafu pistoni zije zikiwa na tofauti hata ndogo na ile iliyotarajiwa, hakuna mashine ya kurudisha chuma kilichokwisha kutoka.

Sasa injini ya mtumba yenyewe. "Imetoka Japani, imetembea kidogo, kule hawaendeshi sana." Huenda ni kweli kwa hiyo uliyooneshwa. Lakini kilomita huhesabiwa na dashibodi, na dashibodi ilibaki kwenye gari. Injini iliyosimama kwenye palati haina kumbukumbu yoyote. Nyingi hupitia Dubai na Sharjah, kwenye maghala ya magari yaliyokatwa, na hakuna anayeandika kama gari lilikatwa kwa ajali, kwa uzee, au kwa sababu injini hiyohiyo ilichemsha. Vilevile bandari ina chumvi. Injini iliyokaa wazi matundu yake ya hewa huingia unyevu, na ukuta wa silinda unashika kutu pale ringi ziliposimama.

Ukiamua kununua hata hivyo, usiridhike na kusikia ikiwashwa chini kwa dakika mbili. Injini mbovu nyingi huwaka vizuri bila mzigo. Omba sampu ishushwe, na kifuniko kimoja cha biringi ya konrodi kifunguliwe uone rangi yake. Funua mfuniko wa valvu. Tope jeusi lililoganda linakueleza oili haikubadilishwa kwa wakati. Chungulia njia za maji kama zina kutu. Izungushe kwa mkono kwa boliti ya puli ya krenki, mizunguko miwili kamili, usikilize mkono wako kama kuna mahali inashika. Muuzaji anayekataa haya yote amekupa jibu lako.

Kuna wanaouza injini "iliyokwisha kufanyiwa ovaholi", na hapa hoja huwa ni waranti. Waranti ni jambo jema ikiwa karatasi inasema vitu vitatu: nini kilibadilishwa, vipimo vilivyoachwa ni vipi, na nani anabeba gharama ya kushusha na kupandisha injini ikirudi. Nyingi nilizozisoma zimetaja muda peke yake. Injini inayouzwa bila karatasi ya vipimo ni ovaholi ya mtu usiyemjua, iliyofanywa bila wewe kuwepo. Kwako mwenyewe, ukienda kwa fundi wa boringi, unaweza kusimama pale na kalamu yako, ukaandika namba zinavyosomwa. Sielewi kwa nini mtu aliyekopa ili anunue gari aiache nafasi hiyo.

Dai lenye uzito wa kweli ni la muda. "Injini ya mtumba inafungwa siku mbili, ovaholi inakula mwezi, na hesabu ya kila siku inapotea." Mwenye kipanya anayeishi kwa hesabu hawezi kulidharau. Tuchukue mfano. Tuseme hesabu ni shilingi 50,000 kwa siku. Gari likikaa gereji siku 18 za kazi, zimepotea 900,000. Likikaa siku 3, zimepotea 150,000. Tofauti ni 750,000, na kwa familia inayotegemea gari hilo ni ada ya shule.

Lakini hesabu hiyo haijakamilika. Kwanza, mtumba hauingii kwa siku mbili ukifungwa inavyopaswa: mkanda wa taimingi na sili za krenki hubadilishwa ukiwa bado chini, klachi huangaliwa, na mara nyingi pampu ya gari lako huhamishiwa kwake. Pili, sehemu kubwa ya zile siku 18 huwa ni za kungoja vipuri vilivyoagizwa vipandevipande, leo gasketi, kesho biringi. Bloku ikipimwa siku ya kwanza na orodha yote ikatoka kwa pamoja, muda hupungua sana. Tatu, mtumba ukifa baada ya miezi mitano, unalipa injini nyingine, oili nyingine, ufundi mwingine, na siku nyingine za gereji, wakati ile ya kwanza uliyoijua umekwisha kuiuza chuma chakavu. Wenye magari wengi wameshapita njia hiyo mara mbili kwa gari lilelile.

"Basi ukinunua, panda juu kidogo, weka 5L au 1KZ." Ya 5L, yenye ujazo wa 2,986, ni ndugu wa 3L na ina mantiki. 1KZ ni jambo jingine: ina tabo, inahitaji nafasi, upoezaji na nyaya ambavyo gari lako halina, na silinda hedi yake ya aluminiamu inajulikana kwa kupasuka ikichemshwa. Zaidi ya hapo, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Injini yoyote ngeni, hata ya aina ileile, lazima iingizwe kwenye usajili TRA, na kwa Kenya NTSA. Anayeacha hilo hukumbushwa siku ya kuuza gari au siku ya kudai bima, na siku hizo mbili si za kukumbushwa.

Nilisema nitataja ni lini nakubali kushindwa. Konrodi ikitoka na kutoboa bloku, usihangaike. Krenki ikishakerezwa hadi saizi ya mwisho na bado ina mistari, au silinda zimechongwa hadi 1.00 na zimelika tena, hesabu inageuka, ingawa silinda bado zinaweza kuvishwa slivu na krenki ikatafutwa peke yake. Na kwa Hiace za umbo jipya lililoanza 2004, zenye 1KD au 2KD, nasita. Injini hizo husukuma dizeli kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000 kwa nozeli zinazoamriwa na kompyuta. Sili za nozeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili, yanaziba chujio la pampu ya oili, na injini inakosa oili huku ikiwa imejaa oili. Kuifufua inavyopaswa kunahitaji vifaa ambavyo gereji nyingi hazina. Hapo injini kamili yenye historia iliyoandikwa, ukiipata, ni uamuzi wa busara.

Wengine watasema gari lenyewe limechoka, usilitie pesa. Swali ni zuri, ila limeulizwa kwa injini badala ya chesisi. Pitia chini ya gari na nyundo ndogo, gonga mihimili. Ikiwa chuma kimeoza, usinunue injini wala usifanye ovaholi. Ikiwa kiko imara, umri wa miaka kwenye kadi haukuhusu sana. Na moshi nao usihukumiwe haraka: mweusi mara nyingi ni nozeli au chujio la hewa, na gharama yake haifanani kabisa na ya injini.

Limebaki dai moja, dogo kwa sauti, linaloharibu kuliko mengine: "Dar kuna joto, themostati haina kazi, itoe." Hutolewa kwenye injini iliyofanyiwa ovaholi na kwenye ya mtumba bila ubaguzi. Themostati huifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Bila hiyo, injini asubuhi hukimbia ikiwa baridi, dizeli haiungui yote, na silinda zinalika mapema. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha mlimani, lile jambo lililodaiwa kuzuiwa. Kwa hiyo kabla hujalipa shilingi kwa injini yoyote, fungua rejeta isafishwe matundu yake, badilisha mipira ya maji, weka themostati mpya na maji yenye dawa ya kuzuia kutu, siyo ya kisima. Injini ya kwanza ilikufa kwa sababu fulani. Kama hujaijua, mpe fundi wa rejeta siku moja kabla ya fundi wa injini.