Riflekta iwe lazima kwa pikipiki za usiku

Mwezi Juni jua la Sydney huzama dakika chache kabla ya saa kumi na moja jioni. Mfanyakazi wa ghala la Ingleburn, kusini-magharibi ya Sydney, anayetoka zamu saa hiyo anawasha pikipiki yake giza likiwa linaingia, malori nayo yakianza kupanga foleni kuelekea barabara kuu ya M31. Kwa aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa, saa kumi na moja ni alasiri yenye jua. Kwao magharibi haisogei sana mwaka mzima na mtu anajua saa ya kuwasha taa bila kuuliza. Hapa giza linahama na majira, na linamkuta mtu akiwa bado na helmeti ya kioo cheusi na jaketi jeusi, kizibao chake cha kazi kimekunjwa ndani ya begi mgongoni.

Msimamo wetu ni huu. Anayepanda pikipiki baada ya jua kuzama akiwa amevaa nyeusi tupu anafanya kosa, na jimbo letu la New South Wales linalomruhusu afanye hivyo linafanya kosa kubwa zaidi.

Tumechoka kusikia kwamba ajali haina kinga. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza wenyewe katika barabara za Los Angeles. Karibu robo tatu zilikuwa za pikipiki kugongana na chombo kingine, na katika theluthi mbili ya hizo dereva wa chombo kingine ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki. Hakuiona, au aliiona amekwisha kuchelewa. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, watafiti wa Auckland, New Zealand, walilinganisha waendesha pikipiki walioumia na wenzao waliokuwa wakipita barabara za eneo hilohilo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004 katika jarida la British Medical Journal: waliovaa nguo za kuakisi mwanga au za rangi ya kung'ara walikuwa na hatari iliyo chini kwa asilimia 37, na wenye helmeti nyeupe walikuwa chini kwa asilimia 24 kuliko wenye helmeti nyeusi. Auckland ni jirani yetu na barabara zake zinafanana na zetu. Hatuoni serikali inasubiri ushahidi gani zaidi.

Tuanze na jicho la dereva, maana kesi yote iko hapo. Gari likija usiku unaona taa mbili, na kadiri linavyokaribia taa hizo zinaachana. Zikiachana taratibu unajua liko mbali. Zikiachana haraka unajua limeshafika. Pikipiki yenye taa moja haina cha kuachana. Nuru yake inakua kidogo kidogo, halafu sekunde za mwisho inajaa ghafla. Mwaka 2012 watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walionesha kwamba gizani watu hukosea vibaya kukisia mwendo wa pikipiki yenye taa moja, na kwamba taa tatu zilizopangwa pembetatu hupunguza kosa hilo. Kwa hiyo dereva anayengoja kukata kulia kwenye makutano ya Ingleburn anaweza kuiona taa yako vizuri kabisa na bado akaingia mbele yako, kwa sababu amekisia kwamba ana nafasi. Kwa kilomita 60 kwa saa unakata karibu mita 17 kila sekunde. Akikosea sekunde mbili tu, umemfikia. Ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi, waliozoea kushika kulia, wakumbuke kwamba Australia gari linalokukatia njia ni lile linaloingia kulia, na macho yawe huko.

Nyuma nako kuna hatari yake. Taa moja ndogo nyekundu ikiwa kati ya taa mbili za lori lililo mbele inamezwa, na anayekuja nyuma anadhani ni taa ya lori. Tena wengi hupunguza mwendo kwa gia bila kugusa breki. Injini inavuta, pikipiki inapungua, na taa ya breki haiwaki. Anayekaribia makutano agonge breki kidogo mara mbili tatu kabla ya kusimama, na akisimama abaki na gia ndani huku macho yakiwa kwenye kioo cha pembeni mpaka gari la nyuma lisimame kweli.

Sasa kizibao. Katika eneo la viwanda la Ingleburn, kati ya reli na barabara kuu, karibu kila mtu anacho, na wengi wanaamini kwamba kwa kuwa ni cha rangi ya chungwa au njano ya kung'ara kinawalinda usiku. Si kila kimoja. Geuza ukosi usome lebo. Kiwango cha Australia na New Zealand, AS/NZS 4602.1, kinagawa nguo hizi kwa herufi: D ni ya mchana, N ni ya usiku, D/N ni ya nyakati zote mbili. Chenye D peke yake hakina utepe wa kuakisi mwanga. Rangi yake inang'aa kwa nguvu ya mwanga wa jua, na jua likizama nguvu hiyo imekwisha. Usiku kazi inafanywa na ule utepe wa kijivu, ambao ndani yake mna chembe ndogo mno za kioo zinazorudisha nuru ya taa za gari kule ilikotoka, yaani machoni mwa dereva. Utepe uliopasukapasuka au ulioshika mafuta ya gereji haurudishi kitu, na uliofuliwa mpaka ukachakaa ni hivyohivyo. Kuupima hakuhitaji fundi. Kitundike kizibao gizani, rudi nyuma hatua kumi, kipige picha kwa simu yenye flashi. Ukiona mistari myeupe inayowaka, kinafaa. Ukiona kijivu, kitupe leo.

Halafu kuna begi. Tunawaona kila jioni karibu na stesheni ya Ingleburn: kijana amevaa kizibao safi cha D/N, kisha amebeba begi jeusi lililofunika mgongo wote. Wengine ni wasafirishaji wa chakula wenye sanduku kubwa kama kabati, na kitambaa cha bei kiko chini yake hakionekani na yeyote. Utepe unatakiwa uwe juu ya begi lenyewe, nyuma ya helmeti na ubavuni mwa pikipiki. Roli ya utepe wa riflekta inauzwa madukani kwa fedha isiyofika chakula cha mchana cha watu wawili.

Lakini tusidanganyane: riflekta haitoshi. Inarudisha nuru inayoipiga tu. Gari linalongoja kwenye barabara ya pembeni limeelekeza taa zake mbele yako, halikumuliki wewe unayekuja kwa ubavu, na utepe wako unabaki gizani mpaka unapopita mbele ya boneti yake. Hapo kinachokutetea ni taa yako mwenyewe, mahali ulipojiweka barabarani na mwendo wako. Usijifiche nyuma ya gari kubwa. Sogea pale ambapo dereva wa pembeni ataona taa yako mapema, na ukiona gurudumu lake la mbele limeanza kuzunguka, achia mafuta. Riflekta inakulinda zaidi nyuma, dhidi ya gari linalokufuata kwa taa za chini, ambazo hazimwoneshi mtu mwenye nguo nyeusi mpaka yakiwa yamebaki makumi machache ya mita. Kwa kilomita 100 kwa saa dereva huyo anakata mita 28 kila sekunde. Hesabu hiyo haimwachii nafasi ya kuwaza.

Tukija kwenye sheria, jimbo jirani la Victoria liliamua mwaka 2014 kwamba mwanafunzi wa pikipiki avae kizibao au jaketi la kuonekana. Ufaransa inamtaka kila mwendesha pikipiki awe na kizibao hicho safarini tangu Januari 2016. Kenya, ambako wengi wa wasomaji wetu wana ndugu wanaoendesha bodaboda, iliingiza katika Sheria ya Trafiki kifungu cha 103B kinachotaka kila anayeendesha pikipiki avae helmeti na jaketi lenye riflekta. Tunajua jinsi kifungu hicho kinavyopuuzwa, na jinsi jaketi hizo zinavyovaliwa mpaka utepe umebaki uzi. Hilo ni la polisi wa Kenya na sisi tunalilaani. Lakini Bunge la Kenya angalau lilisema. New South Wales, yenye fedha, barabara zenye taa na polisi wenye magari, imemwachia mwendesha pikipiki wa usiku achague mwenyewe kama aonekane au asionekane. Helmeti imelazimishwa na hakuna anayelalamika.

Hata mpango wa MotoCAP, ulioanzishwa mwaka 2018 kupima mavazi ya waendesha pikipiki wa Australia na New Zealand, unatoa nyota kwa jinsi nguo inavyokinga mwili katika ajali na jinsi isivyomchosha mtu kwa joto. Ni kazi nzuri na tunaiheshimu. Ila jaketi jeusi kama makaa linaweza kupata nyota zake zote na mnunuzi akatoka dukani akiamini amenunua usalama kamili. Waliouanzisha waongeze kipimo cha kuonekana gizani.

Mwishoni mwa mwaka 2020, katika muda wa kama miezi miwili, wasafirishaji wa chakula watano walikufa katika barabara za Australia, wengi wao hapa Sydney. Wote walikuwa wahamiaji, watu waliokuja kutafuta kama tulivyokuja sisi. Serikali ya jimbo iliunda kikosi kazi, na kanuni zilizofuata zikayataka majukwaa ya simu ya kuagizia chakula yawape wasafirishaji vifaa vya kujikinga. Kwa hiyo serikali inaweza kutenda ikitaka. Kwa nini basi mfanyakazi wa ghala anayerudi nyumbani saa sita usiku kwa pikipiki yake asihesabiwe? Hatari iliyowafika wale ndiyo inayomngoja yeye.

Vilabu vya waendesha pikipiki vina hoja moja ambayo hatuibezi. Vinasema kwamba sheria ya namna hii itampa dereva mzembe pa kujificha: akikugonga, wakili wake atauliza kwanza ulivaa nini. Woga huo una msingi. Jibu lake ni kuandika sheria vizuri, na kutoiandika kabisa si jibu. Faini iwepo kwa asiyevaa, na kifungu kiseme waziwazi kwamba kukosa riflekta hakumpunguzii dereva hatia wala hakumpunguzii majeruhi fidia. Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya 2013 tayari inaadhibu kuendesha kwa uzembe. Mahakimu waitumie kwa uzito wake. Dereva anayesimama mbele ya maiti akasema hakumwona mtu amekiri kwamba aliingiza gari mahali ambapo hakupatazama, na tunataka maneno hayo yahesabiwe dhidi yake. Madereva wa Ingleburn, wakiwemo wasomaji wetu wa malori na teksi, wanajua kwamba nguzo ya mlango wa mbele inaweza kuficha pikipiki nzima. Dawa yake ni kusogeza kichwa mbele na nyuma kabla ya kukata kona, kisha kutazama mara ya pili. Sekunde moja inatosha.

Kuna la waajiri pia. Makampuni ya eneo la viwanda yanagawa vizibao kwa maelfu kwa ajili ya kazi za ndani ya ghala, na mengine hununua vya D kwa sababu ndani mna taa mchana kutwa. Kwa mfanyakazi anayekuja kwa pikipiki zamu ya usiku hicho ni kitambaa tu. Wagawe D/N, na msimamizi wa zamu akague hali ya utepe kama anavyokagua viatu vya chuma. Halmashauri ya Jiji la Campbelltown, ambayo Ingleburn iko chini yake, ipite usiku kwenye makutano ya Ingleburn, itazame miti na mabango yanayowaficha wanaokuja, iyaondoe.

Na wazazi wenye vijana wanaonunua pikipiki ya kwanza kwa mshahara wa kwanza, wasione haya kusimama mlangoni na kumzuia mtoto aliyevaa nyeusi. Mama aliyemlea mpaka akavuka bahari ana haki ya kumnyang'anya ufunguo mpaka avae.

Waziri wa barabara wa New South Wales hahitaji tume mpya wala miaka mitatu ya mashauriano. Anahitaji kanuni fupi: kila mwendesha pikipiki na abiria wake, kuanzia jua kuzama hadi kuchomoza, avae vazi lenye utepe wa kuakisi mwanga wa daraja la N au D/N, na mzigo wa mgongoni usiufunike. Tunamtaka aiweke mezani mwa Bunge kabla ya saa kurudishwa nyuma Aprili, na wabunge wa kusini-magharibi ya Sydney, waliokuja kuomba kura zetu kwenye makanisa, misikiti na harusi zetu, tunawataka waseme hadharani wataiunga mkono au wataipinga.