Sifuri ya Asiyepimwa Presha

Na Masanja Kulwa

Hapa Tinde barabara ya kutoka Nzega hugawanyika: huku Shinyanga na Mwanza, kule Isaka na Kahama hadi mipakani. Tuseme dereva wa lori ameshuka usiku, ana miaka 58, kifua kinabana, kijasho chembamba kinamtoka. Atatafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Maumivu ya hapo tumezoea kuyaita hivyo.

Namfikiria kila nisomapo kuhusu alama ya CHA2DS2-VASc. Ilitungwa kwa ajili ya watu ambao moyo wao hupiga bila mpangilio, ili kukadiria hatari ya kiharusi. Sasa watafiti wanaijaribu kwa wenye shambulio la moyo: je, inaweza kubashiri ukubwa wa bonge la damu kabla mshipa haujazibuliwa? Wazo zuri, maana haidai mashine. Umri, jinsia, presha, sukari, kiharusi cha zamani, moyo kushindwa kazi, ugonjwa wa mishipa. Unauliza, unajumlisha, jumla haizidi 9.

Haya, mjumlishie dereva wetu. Presha? Hajawahi kupima. Sukari? Hajui. Miaka 65, ambapo umri huanza kuhesabiwa, hajafikisha. Anapata sifuri, na karatasi inamweka kundi la wenye hatari ndogo. Sifuri ya aliyepimwa akakutwa salama na sifuri ya asiyepimwa kabisa huandikwa vilevile! Mchimbaji wa Geita aliyezeekea kwenye maduara bila kukanyaga kliniki naye ni huyohuyo.

Wala bonge lenyewe halionekani bila Cathlab, mtambo wa kupiga picha mishipa ya moyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inao, lakini iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Na hata penye hospitali kubwa ugonjwa huu hutuponyoka: huko Moshi, watafiti waliwapima wagonjwa 681 waliofika dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Waliokutwa na shambulio la moyo ni 152, na ni wachache mno kati yao waliokuwa wametambuliwa na madaktari waliowahudumia.

Dawa ya kuyeyusha bonge hufaa zaidi saa za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake hupungua sana. Kwa hiyo kituo cha afya kinahitaji kipimo cha umeme wa moyo (ECG) na tabibu anayejua kukisoma, usiku pia. Ila mimi ningeanza mapema zaidi, na kipima presha pale malori yanaposimama, na daftari la kuandika namba ya kila dereva.