Heshima ya Mazishi Haitoshi

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba wapo watu ambao hawakushika cheo wala kuingia darasani, na hawakuacha mali, lakini siku ya kuzikwa kwao njia za migombani hujaa waombolezaji. Miongoni mwao ni ndugu zetu waliozaliwa na sindromu ya Down. Marehemu wa namna hiyo husifiwa kwa dhati. Alijua jina la kila mpita njia. Aliwahi msibani kabla ya jamaa wa marehemu. Alibeba maji ya harusi bila kuombwa, na ndiye aliyempokea mgeni kwa punje za kahawa. Hakuweka kinyongo hata kwa aliyemcheka.

Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo sisi tulio katika ofisi za umma na madarasani hatuna budi kujiuliza swali moja: ndugu huyu tunayemlilia tulimpa nini alipokuwa hai?

Kwanza tuelewe hali yenyewe. Daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliieleza mwaka 1866. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake mjini Paris walibaini kwamba chembe za mwili wa mtu wa aina hiyo zina kromosomu 47 badala ya 46, kwa kuwa ile ya 21 ni tatu badala ya mbili. Ndiyo sababu Umoja wa Mataifa huadhimisha siku yao tarehe 21 ya mwezi wa tatu, tangu mwaka 2012. Kwa hiyo hali hii haiambukizi, haitokani na laana ya ukoo, wala si adhabu ya kosa la mama. Mwenye kumwita mtu huyo zezeta anaonyesha ujinga wake mwenyewe.

Sasa tumtazame mtu wa hali hiyo aliyezaliwa mwaka 1970, mkoa wa Kagera ulipokuwa ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Alitimiza miaka saba mwaka 1977, taifa lilipoanza kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote. Mwaka uliofuata Sheria ya Elimu ikaifanya elimu hiyo kuwa ya lazima. Rika lake likaandikishwa. Yeye akabaki nyumbani. Wasioona walikuwa na shule Buigiri tangu mwaka 1950, na viziwi walikuwa na yao Tabora tangu 1963, lakini madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, tena kwa uchache mno. Neno "wote" lilikuwa na mipaka, na yeye alikuwa nje ya mipaka hiyo.

Aliyemlea ni mama yake. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mama huyo hakuhitaji waraka wa wizara ili kumfundisha mwanawe kuoga, kuchuma kahawa na kuwaamkia wakubwa. Baada ya mama, tegemeo lingekuwa kaka na dada. Lakini mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata maradhi hayo yakaondoa watu wengi wa makamo. Nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu. Katika nyumba ya aina hiyo, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili alijikuta akimtegemea bibi kizee ambaye naye alihitaji kutegemezwa.

Jambo hili litazidi uzito. Nchini Marekani wastani wa maisha ya watu wenye sindromu ya Down ulikuwa takriban miaka 25 mwaka 1983. Leo unakaribia 60. Sababu kubwa ni tiba, hasa ya moyo, kwa maana karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo. Nasi leo tunao upasuaji wa moyo Bugando mjini Mwanza na katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mtoto akigunduliwa mapema na kupelekwa huko, anaweza kuishi kuliko mama yake. Hiyo ni neema, lakini inaleta swali ambalo kila mzazi wa mtoto kama huyo hulala nalo: nikifa mimi, atabaki na nani?

Majibu yanaanzia karibu. Muuguzi amsikilize moyo mtoto huyo na amwandikie mama rufaa badala ya kumpa pole. Mwalimu mkuu amwandikishe, na aombe mwalimu aliyesomea elimu maalumu, maana Chuo cha Patandi kinawafundisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi na kuagiza kamati za kusimamia haki zao hadi ngazi ya kijiji; mtendaji ambaye kijiji chake hakina kamati hiyo ajue ana kazi ambayo hajaifanya.

Ukoo nao una wajibu. Wakati wa kugawa kibanja, mwenye ulemavu wa akili asihesabiwe kama mzigo unaokabidhiwa mrithi pamoja na nyumba. Fungu lake litajwe katika wosia, na mlezi wake ateuliwe mbele ya mashahidi mzazi akiwa bado na nguvu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana hatuulizi ni nani anayeubeba mpaka mbebaji aanguke.

Tuendelee kujaa katika mazishi yao, kwa kuwa upendo ule ni wa kweli. Lakini kumbukumbu iliyo bora iandikwe mapema: jina lake katika kadi ya kliniki, katika daftari la mahudhurio, na katika wosia wa baba yake.