Mpira kwanza, programu baadaye: kijana anayetaka kujifunza katuni za mtandaoni



Katika majuma ya karibuni wazazi kadhaa wametuletea swali lenye sura moja. Kijana amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, naye amesema anataka kujifunza kutengeneza katuni na matangazo yenye mwendo kwa ajili ya mtandao. Anaomba kompyuta mpakato, anaomba alipiwe programu, na anaomba ada ya kozi. Mzazi hajui kama hilo ni ufundi au ni mchezo, na fedha iliyopo ni ile ambayo ikishatoka haina ya pili yake. Wazazi wanauliza: aanzie wapi, na sisi tutoe nini kwanza?

Jibu letu ni hili: kijana ajifunze mwendo kwanza, na programu iwe chombo cha kufanyia kile alichokwisha kukielewa. Programu huja na kuondoka. Ujuzi wa namna vitu vinavyokwenda hauondoki, na sehemu kubwa ya ujuzi huo hupatikana kwa penseli na daftari.

Anayetaka ushahidi wa kauli hiyo na aitazame historia ya Flash. Mwaka 1996 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo FutureWave ilitoa programu ya kuchora na kutembeza picha. Muda si mrefu kampuni ya Macromedia iliinunua, nayo ikapewa jina la Flash. Zama zile intaneti ilipita katika waya wa simu na mwendo wake ulikuwa wa kobe. Flash ilipendwa kwa sababu haikulazimika kuhifadhi kila nukta ya picha. Iliweza kuhifadhi maelezo ya mistari na rangi, kisha kompyuta ya mtazamaji ikachora yenyewe. Faili likawa dogo, na katuni ikafika. Adobe ilipoinunua Macromedia mwaka 2005, Flash ilikuwa imeenea katika michezo, katuni na mabango ya mtandaoni duniani kote.

Kisha mambo yakageuka. Flash ilihitaji kiongezi ndani ya kivinjari, na kiongezi hicho kilikuwa na matundu ya usalama yaliyozibwa moja likafunguka jingine. Mwaka 2010 Steve Jobs wa Apple aliandika barua ya wazi kueleza kwa nini simu za iPhone hazitaipokea. Julai 2017 Adobe ilitangaza kuwa mwisho wake unakuja; tarehe 31 Desemba 2020 ikaacha kuihudumia, na kuanzia 12 Januari 2021 kiongezi chenyewe kikazuia kazi za Flash zisifunguke. Chombo cha kutengenezea kazi hizo kilikuwa kimekwisha badilishwa jina mwaka 2016, kikaitwa Animate, nacho huweza kutoa kazi zinazoonekana katika kivinjari bila kiongezi chochote.

Nani alipoteza na nani hakupoteza? Aliyekuwa amekariri mahali pa kubonyeza alianza upya. Aliyejua kwa nini mpira hudunda namna unavyodunda alihamia chombo kingine, mtaji wake ukiwa kichwani. Hivyo basi, mzazi anapoonyeshwa kozi, na aulize inafundisha nini na mafunzo yake ni ya mwaka gani. Masomo ya Flash ya zamani yamejaa mtandaoni hadi leo, na mwanafunzi mgeni huweza kumaliza mwezi mzima akijifunza njia ya kutoa faili ambalo hakuna kivinjari kitakacholifungua.

Sasa tuingie katika ufundi wenyewe, maana mzazi asiyeujua hawezi kumsimamia mwanawe. Katuni ni picha nyingi zilizosimama, zikionyeshwa moja baada ya nyingine kwa haraka hata jicho likaona mwendo. Kila picha huitwa fremu. Filamu ya sinema huonyesha fremu 24 kwa sekunde. Wachoraji wa katuni mara nyingi huchora picha 12 kwa sekunde na kuonyesha kila moja mara mbili. Hapa ndipo wengi hukata tamaa kabla ya kujua sababu. Kijana huanza na hadithi ya dakika 10. Kwa kiwango hicho cha picha 12, hadithi hiyo inahitaji picha 7,200. Dakika moja ni picha 720. Sekunde 5 ni picha 60, na hizo mtu huzimaliza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba na kiwe kidogo.

Programu hupunguza mzigo huo kwa njia moja kuu. Mchoraji huweka picha za mahali muhimu, yaani mwanzo wa mwendo na mwisho wake, na hizo huitwa fremu kuu. Kompyuta hujaza zilizo katikati. Chini ya kioo huwa na mstari wa muda unaoonyesha kila fremu iko sekunde ya ngapi, na picha hupangwa kwa tabaka, ili mandhari ya nyuma isiguswe wakati cha mbele kinatembea. Mwenye kuelewa mambo hayo matatu, yaani fremu kuu, mstari wa muda na tabaka, ataifungua karibu programu yoyote ya aina hii bila kujiona mgeni.

Hata hivyo, kompyuta hujaza bila kujua kinachotembea ni nini. Chukua mpira unaoanguka kutoka urefu wa sentimita 120. Utafika chini kwa nusu sekunde hivi, yaani fremu 12. Ukiiachia programu igawanye safari hiyo kwa hatua zilizo sawa, mpira utashuka sentimita 60 katika fremu 6 za kwanza na 60 katika fremu 6 za mwisho. Hesabu imekamilika, lakini jicho linakataa. Mpira unaonekana kama unateremshwa kwa kamba. Katika maumbile ya vitu, kinachoanguka huongeza kasi. Katika fremu 6 za kwanza mpira hushuka sentimita 30 tu. Katika 6 za mwisho humaliza 90 zilizobaki. Kwa hiyo picha za juu hukaribiana sana, na picha za karibu na ardhi hutengana. Ukigusa chini hubonyea, na ukibonyea hutanuka ubavuni, kwa kuwa kilichomo ndani hakikupungua. Kisha hupanda, ukipunguza kasi kadiri unavyokaribia juu, na kila mdundo huwa mfupi kuliko uliotangulia.

Katika zoezi hilo moja mna sehemu kubwa ya elimu hii. Chora duara lile lile mara mbili. La kwanza lidunde mara moja na kutulia. Jicho litasema ni jiwe. La pili lishuke polepole na kudunda kwa madaha. Jicho litasema ni puto. Mchoro haukubadilika, kilichobadilika ni mpangilio wa muda. Kijana aliyeligundua hilo kwa mkono wake mwenyewe amepata kitu ambacho hakuna kampuni inayoweza kukifuta.

Juma la kwanza, basi, halihitaji kompyuta. Daftari la shule linatosha: mpira uchorwe kwenye pembe ya kila ukurasa, ukisogea kidogo kidogo, kisha kurasa ziachiliwe kwa kidole gumba. Kamera ya simu iliyoegemezwa mahali pamoja nayo hutosha kupiga picha ya kila hatua ya kipande cha karatasi kinachosogezwa mezani. Hilo si jambo la kitoto. Mjerumani Lotte Reiniger alitumia karatasi iliyokatwa kwa mkasi na taa iliyowekwa chini yake kutengeneza filamu nzima yenye visa vya Alfu Lela Ulela, nayo ikaonyeshwa mwaka 1926. Ni filamu ndefu ya katuni iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia hadi leo.

Juma la pili mpira uhamie kwenye kompyuta, na hapa mzazi asiharakie kulipa. Zipo programu zinazotolewa bure kihalali na waliozitengeneza. Pencil2D ni nyepesi na inamfaa anayeanza. Synfig hujaza fremu za katikati. Krita ni ya kuchora na ina mstari wa muda. OpenToonz ilitolewa bure mwaka 2016, nayo imetokana na programu iliyotumiwa na studio ya Ghibli ya Japani. Blender ni kubwa zaidi na huhitaji kompyuta yenye nguvu. Kwa programu hiyo hiyo ya bure ilitengenezwa filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2025. Kwa hiyo kijana asiseme amekwama kwa sababu hana programu ya kulipia.

Kwa kuwa za bure zipo, hakuna udhuru wa kutumia nakala zilizovunjwa kufuli. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe, zinalindwa kisheria, na haijuzu kuzivuka. Zaidi ya hapo, nakala hizo mara nyingi hubeba virusi, na anayeingia hasara ni familia nzima inayotumia kompyuta hiyo.

Juma la tatu kijana aonje njia ya pili, ile isiyohitaji programu ya kuchora kabisa. Vivinjari vya leo huelewa lugha ya CSS. Kwa mistari michache iliyoandikwa katika programu ya kawaida ya kuandikia, mtu hueleza kitu kiko wapi mwanzoni, kiko wapi mwishoni, safari ichukue sekunde ngapi, na mwendo uongezeke au upungue vipi. Ni fremu kuu zile zile, safari hii kwa maandishi. Michoro ya aina ya SVG nayo huhifadhiwa kama maelezo ya mistari, kama Flash ilivyofanya. Mchoro mwepesi wa aina hiyo huwa wa kilobaiti chache, ilhali video ya sekunde zile zile huweza kufika megabaiti kadhaa. Kwa msomaji anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama tangazo litaonekana au litarukwa.

Juma la nne ni la kazi moja iliyokamilika, isiyozidi sekunde 5: jina la duka la shangazi linaloingia na kutulia, au saa za darasa la jioni zinazojitokeza moja moja. Hapo afundishwe na adabu ya mtazamaji. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za mtandao inataka kitu kisimulike zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja, kwa kuwa mimuliko huweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Inataka pia kinachojiendesha chenyewe zaidi ya sekunde 5 pembeni mwa maandishi kiwe na njia ya kukisimamisha. Aidha, wapo wanaopata kizunguzungu kwa vitu vinavyopita mbele ya macho. Simu na kompyuta zina mpangilio wa kuomba mwendo upunguzwe, na fundi mwema huuheshimu.

Baadhi ya wazazi wametuuliza kuhusu kuchora viumbe vyenye roho. Hilo lina wenyewe wa kulijibu, na kila familia imuulize sheikh inayemwamini. Tunachoweza kusema ni kwamba suala hilo halimzuii kijana kuanza. Mpira, jani linaloanguka, mashua juu ya wimbi, herufi na maumbo ya nakshi vinatosha kufundishia karibu kila kanuni ya mwendo.

Je, fedha itolewe lini? Tunashauri mzazi asipime kwa ahadi wala kwa cheti, bali kwa kazi. Saa moja kila siku, na kila mwisho wa juma kijana akae na wazazi wake aonyeshe alichomaliza, japo ni cha sekunde 2, na aeleze alichokirekebisha na sababu yake. Majuma manne yakipita akiwa na kazi nne, jiwe lake likionekana jiwe na puto lake likionekana puto, mzazi atakuwa na hoja ya kutafuta kompyuta iliyo bora, hata iliyotumika. Yakipita bila kazi, fedha ingali salama, na kijana amejijua mapema bila fedheha. Yote mawili ni kheri.

Mwenye kujua namna ya kufika kwenye ajira ya ufundi huu na afike kwa vijana wa mtaa wake awape saa moja ya muda wake. Hapa kwetu pana ushahidi kwamba kazi hii ina soko: Ubongo Kids, katuni ya Kiswahili ya kuwafundisha watoto hesabu na sayansi, ilianza Dar es Salaam na kuingia katika televisheni mwaka 2014. Waliochora katuni hiyo nao waliwahi kuwa wanafunzi wa siku ya kwanza, na yawezekana mzazi fulani aliwauliza swali hili hili.

Wabillahi tawfiq.