Nyumba Yala, Nasi Twala Nini?

Iko lawama moja ya zamani ambayo sisi watu wa Mombasa hutupiwa kila panapozungumzwa umaskini wetu, nayo ni kwamba tunapenda kula. Ati mtu wa Pwani akishika shilingi mia tano hupeleka mia nne Marikiti, arudi na nyama, nazi na ndimu, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba akibisha hodi hana la kumjibu. Lawama hii tumeisema hata sisi kwa sisi, mabarazani na misikitini baada ya sala ya isha, mpaka wengi wameikubali kana kwamba tumezaliwa nayo. Mimi siikubali. Mambo yamegeuka juu chini. Leo si tumbo linaloila kodi, ni kodi inayolila tumbo, na haikuanzia mfukoni, imeanzia jikoni.

Tufanye hesabu ya kukisia tu. Mtu anapata shilingi 20,000 kwa mwezi, na amepanga chumba na sebule kwa 8,000. Bado hajalipa stima, bado hajanunua maji ya mkokoteni siku bomba lilipokauka, bado nauli ya kwenda kazini na kurudi. Kodi ya nyumba haina kipimo kidogo; huwezi kumpelekea mwenye nyumba kibaba leo na kibaba kesho. Chakula ndicho kinachokubali kukatwa. Basi hukatwa. Kwanza huondoka samaki, hasa miezi ya kusi ambapo ngalawa hazitoki kwa wingi na bei hupanda. Kisha nazi mbili huwa moja, tui la kwanza na la pili likawa maji meupe tu. Kisha watoto huenda chuoni na chai ya mkandaa. Mwenye nyumba hajui lolote katika haya, na wala hakudhulumu. Amelipwa tarehe tano kama ilivyoandikwa.

Tena kuna jambo ambalo wanaotulaumu hawalitazami. Kodi ikishatolewa kwa mkupuo mmoja, pesa iliyobaki haitoshi kununua kitu kwa jumla. Hapo ndipo mtu huanza kula kwa kupima: mafuta ya kupima, sukari ya kupima, mchele nusu kilo, makaa mkebe mmoja. Kila kipimo kidogo kina faida yake kwa mwenye duka. Yule tajiri wa Nyali anayenunua mchele kwa gunia anaula kwa bei nafuu kuliko kuli wa Kisauni anayeununua kila jioni akitoka bandarini. Kisha mtu huja akamwambia kuli yule hajui kuweka akiba!

Lakini mimi nataka kusema zaidi juu ya nyumba yenyewe, maana watu huzungumza bei ya nyumba wakasahau umbo lake.

Nyumba ya Kiswahili, ile iliyojaa Majengo, ilikuwa na baraza mbele, ukumbi umenyooka katikati toka mlangoni mpaka nyuma, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono huu, na nyuma kabisa ua. Wapangaji sita wakikaa, kila mmoja chumba chake, lakini ua ulikuwa wa wote. Uani ndiko kulikokuwa na seredani, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, na bomba. Mbaazi zilitelekwa asubuhi juu ya makaa zikawachwa zichemke polepole, na aliyekuwa akifua nguo ndiye aliyeziangalia. Ambaye hakuwasha moto siku hiyo alionekana. Hakuna aliyemuuliza kwa sauti, lakini sahani ilimfikia.

Sisemi kwamba ua ulikuwa pepo. Palikuwa na ugomvi wa zamu ya bomba, na moshi, na masengenyo ambayo yangeweza kumwachisha mke wa mtu. Ila ua ulimlisha maskini bila kumwaibisha, na hiyo si kazi ndogo.

Nyingi katika nyumba hizo zilijengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Mwenye nyumba alikuwa na kuta na paa, na kila mwezi alimlipa mwenye kiwanja. Kiwanja kilipouzwa, kuta hazikuwa na hoja. Zikaangushwa, pakasimama ghorofa. Hata nyumba za serikali za Buxton, zilizokuwa chini na zenye nafasi baina yake, zilianza kubomolewa mwaka 2021 ili pasimame majumba marefu. Sina vita na ghorofa. Kisiwa hakiongezeki, na watu wanaongezeka. Vita vyangu ni na jiko la ghorofa.

Jiko lile ni la kusimama mtu mmoja, tena mwembamba. Makaa mwenye nyumba ameyakataza, na ana haki, maana moshi na hewa mbaya ya makaa katika chumba kilichofungwa huua watu. Kinu nacho ukikitwanga ghorofa ya nne, wa ghorofa ya tatu atapanda akuulize kama unabomoa. Basi inabaki gesi. Na gesi ni nzuri kwa chai na mayai, lakini nani atakaa na mtungi wa kilo 6 akachemshe mbaazi saa mbili, au maharage, au makande? Vyakula vyetu vya bei rahisi ndivyo vinavyotaka moto mrefu. Nyumba imetuondolea moto mrefu, na kwa kufanya hivyo imetuondolea chakula rahisi. Hii ndiyo siri ya jambo lote. Mtu hakuacha mbaazi kwa uvivu wala kwa kuiga wazungu, nyumba imemwachisha.

Na moto wenyewe serikali imekuwa ikiuchezea. Mwaka 2018 kukata miti katika misitu ya serikali kulipigwa marufuku, makaa yakapanda, na mwaka huo huo mafuta ya taa yakaongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita. Watu wakakimbilia gesi. Mwaka 2021 gesi nayo ikatozwa kodi ya asilimia 16, kisha kodi hiyo ikapunguzwa, mpaka ilipoondolewa mwaka 2023. Mchele nao una hadithi yake: Bara Hindi ilipozuia kuuza nje mchele wake wa kawaida kutoka Julai 2023 hadi Septemba 2024, bei ilipanda dunia nzima, nasi watu wa wali tuliisikia sahanini.

Asubuhi basi mtu hushuka ngazi, akanunue mahamri na mbaazi kwa mama aliye pembeni mwa barabara. Hapa wapo wanaopiga kelele kwamba watu wamekuwa wavivu, hata kifungua kinywa wananunua. Nawaomba watulie. Mama yule anapika mbaazi sufuria moja kubwa kwa watu arubaini, kwa moto mmoja. Huwezi kumshinda kwa hesabu ukiwa juu na sufuria yako ya watu watatu. Mama wa mahamri ndiye ua uliohamia barabarani, na askari wa jiji wanaomfukuza hawajui wanafukuza nini. Anayestahili kukemewa ni yule anayetoka kazini saa kumi na moja, akapita kwenye chipsi na soda, akawapelekea watoto mfuko wa viazi vyenye mafuta, kesho hivyo, na kesho kutwa hivyo. Pesa ile ingetoa sufuria ya sima, mchicha wa nazi na dagaa kwa nyumba nzima. Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Lakini chipsi hata kulevya hazilevyi, baada ya saa moja mtoto ana njaa tena.

Sasa tufanye nini? Kodi hatuwezi kuishusha kwa maneno. Iko sheria ya kuzuia kodi za nyumba, lakini kiwango chake kilikuwa bado shilingi 2,500 kwa mwezi hata miaka hii ya 2020, na mwenye kunionyesha nyumba ya 2,500 kisiwani nitamshukuru. Kinachobaki mikononi mwetu ni sufuria.

Wazee wetu walikuwa na neno, kikoa. Vijana wakilisikia hudhani nimekosea kusema kikoi. Kula kikoa ni watu kulishana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa fulani. Na lilikuwako neno la pili, bia, yaani kila mtu kutoa sehemu yake chungu kikawa kimoja. Maneno haya yamo katika kamusi, lakini katika ngazi za ghorofa zetu hayamo. Chukua familia nne za ghorofa moja. Kila moja ipike usiku mmoja, na usiku tatu ile bila kuwasha moto. Mchele ununuliwe kwa gunia na nazi kwa jumla huko Kongowea, nao wagawane. Mbaazi hapo zinapikika, kwa kuwa gesi inachemsha chakula cha watu kumi na wanane wala si watatu. Na mwanamke anayetoka kazini amechoka, naye siku hizi ni mwingi, anapata usiku tatu za kupumzika. Hilo peke yake lingetosha.

Najua nitakalojibiwa. Mmoja ataleta wali wa kuku, mwingine ataleta sima na sukuma wiki, halafu maneno yaanze. Mtoto wa huyu anakula kama watu wawili. Yule zamu yake ikifika ana mgonjwa. Haya ni ya kweli, wala hayaponi kwa kuhimizana tu. Dawa yake ni bia, si kikoa: watoe kiasi sawasawa cha pesa au cha nafaka kwa idadi ya vichwa, na chakula cha wiki kipangwe mbele, ili asiwepo wa kujivuna wala wa kuona haya. Wenye mapato yanayopishana sana wasishirikiane. Tajiri atoe sadaka yake kwa njia nyingine.

Kizuizi kikubwa si hicho, ni heshima. Katika ghorofa mlango umefungwa, na hakuna anayetaka jirani ajue kwamba ndani kuna chai kavu. Mtu amechukua nyumba ya juu kuliko uwezo wake apate pa kupokea wageni, kisha hana cha kuwapa. Wapo watu wazima, waliosoma, wanaoficha njaa nyuma ya mapazia mazuri. Na hawa hawasaidiwi, maana hawaonekani.

Walakini watu hawa hawa ukiwaona mwezi wa Ramadhani utashangaa. Saa kumi na mbili magharibi, sahani hupanda na kushuka ngazi, viazi vya nazi vinakwenda, kunde zinarudi, muhogo unakutana na tambi njiani. Hakuna anayeuliza nani tajiri. Mtume alimuusia Abu Dharri kwamba akipika mchuzi azidishe maji awaangalie majirani zake, na usia ule haukutiwa mwezi. Sisi ndio tuliouwekea mwezi. Shawwal ikiingia na sita tukimaliza, milango inafungwa tena, na mama wa ghorofa ya pili anarudia kupika kikombe cha mchele peke yake.

Na wanaojenga nao wasikie. Sheria ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Maadamu tunachanga, tuna haki ya kuuliza jikoni pakoje, kabla hatujaonyeshwa sebule. Wazee wa Lamu walikaa katika nyumba za mawe za ghorofa kabla ya babu zetu, na jiko wakaliweka juu darini, moshi na joto vichukuliwe na upepo. Darini kwetu Mombasa leo kuna matangi ya maji na kamba za nguo, na mlango wenye kufuli. Wapangaji wakimwendea mwenye nyumba kwa umoja, si mmoja mmoja, wakamwomba pembe moja ya dari, panatosha seredani mbili, kinu, na mbuzi ya nazi. Nguzo nne na mabati sita, na ndoo ya mchanga kwa ajili ya moto. Ufunguo uko kwa mlinzi.