Mashine Haijipigi Yenyewe

Wapo wenzetu, na baadhi yao ni walimu na wasanii tunaowaheshimu, ambao wakisikia muziki uliotungwa kwa kompyuta hukunja uso na kusema: "Huo si muziki, mashine ndiyo inayopiga." Neno hili limekuwa kama hukumu isiyokatiwa rufani. Sisi twakusudia kuikatia rufani, na yatupasa tuanze kwa kukiri kwamba hukumu hiyo tumewahi kuitoa sisi wenyewe.

Katika mashindano fulani ya sanaa ya shule za sekondari tulikaa na waamuzi wenzetu wanne. Ngoma zikachezwa, kwaya zikaimba, mashairi yakaghaniwa. Hatimaye akaja mwanafunzi wa kidato cha tatu na kompyuta yake kuukuu, akatusikilizisha wimbo wa dakika saba usio na mwimbaji: kishindo kizito kisichokatika, sauti nene ikikimbia chini yake, na juu yao sauti nyembamba zikijipinda kama moshi wa udi. Alisema huo ni muziki wa transi ya saikedeliki, na kwamba ameutunga kwa kuandika programu yake mwenyewe, wala hakutumia iliyonunuliwa dukani. Tulitazamana. Mmoja wetu akauliza ala ziko wapi. Jibu la kijana halikuturidhisha. Tukamwondoa, na sahihi tukatia.

Jambo lile likatuwasha. Baada ya siku chache tulimwomba atuonyeshe alichokiandika, akatuonyesha hesabu.

Muziki huu aghalabu huenda kwa mapigo 140 hadi 150 kwa dakika. Kila pigo hugawanywa vipande vinne, na mapigo manne yakafanya vipande 16. Kishindo hukaa katika kipande cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13. Besi hujaza vipande vitatu vinavyofuata kila kishindo, na mbio hizo za besi ndizo roho ya muziki wenyewe. Sasa, sauti ndani ya kompyuta ni safu ya namba tu, na kwa kipimo alichokitumia kijana yule, sekunde moja huhitaji namba 44,100. Alichagua mapigo 140 kwa sababu kila kipande hupata namba 4,725 kamili, bila baki. Angalichagua 145, kila kipande kingalipata 4,562 na chembe ya baki, naye ingalimlazimu aamue baki ile aibebeshe kipande gani. Besi aliifanya kwa wimbi lenye sura ya meno ya msumeno, kisha akaandika mistari michache iwe chujio la kulipitisha wimbi hilo. Chujio likifunguka sauti hung'aa, likifunga huzama, na likikazwa kupita kiasi huanza kupiga mluzi lenyewe. Kishindo peke yake kilimchukua majuma matatu, maana kilikuwa ama kinagonga kama kopo, ama kinaimeza besi.

Tuwaulize wenzetu: fundi wa ngoma anayewamba ngozi, akaisogeza motoni, akaigonga, akairudisha motoni mpaka itoe sauti aitakayo, anafanya kazi gani iliyo tofauti na hii? Mwenye kusema "mashine imempigia" na aseme pia kwamba mwerezi umempigia mpiga udi.

Lililotutia haya zaidi ni hesabu ya 16. Sisi ni watu wa mashairi. Tumekesha miaka mingi tukihesabu mizani: minane kwa minane, 16 katika mshororo, mishororo minne katika ubeti, jumla 64. Mnamo mwaka 1987 Mjerumani mmoja, Karsten Obarski, alitoa programu ya kutungia muziki katika kompyuta za Amiga, iitwayo Ultimate Soundtracker. Humo noti huandikwa katika njia nne zilizo ubavu kwa ubavu, zikishuka chini, na ukurasa mmoja una mistari 64. Hatusemi kwamba Obarski aliwajua malenga wa Lamu na Mombasa, la hasha! Hiyo ni sadfa. Lakini mtu aliyezoea kuujaza ubeti wa mizani 64 bila kupunguza wala kuzidisha hana haki ya kumwambia mwenzake anayejaza mistari 64 kwamba hafanyi kazi.

Wimbo uliotungwa kwa programu za namna ile ulikuwa na sifa moja ambayo twaomba walimu waizingatie. Faili lake liliweza kubeba noti zote pamoja na sauti zote zilizotumika. Kijana wa Ulaya aliyepewa wimbo katika kisahani aliweza kuufungua, akaona mwenzake ameweka nini katika mstari wa 33, akacheka, akarekebisha, akajibu kwa wimbo wake. Wakabishana mno: nani kaiba sauti ya nani, besi ipi ni nzito, je, kutumia sauti iliyorekodiwa na mwingine ni hila au ni halali. Msomaji aliyeyafuata malumbano ya washairi wetu magazetini, mtu akitupa swali kwa vina na mwingine akalipokea kwa vina vile vile, hana haja ya kuelezwa utamu wa mambo hayo. Ufundi ulikuwa wazi mbele ya macho, na mwanafunzi akajifunza kwa kuubishia.

Watatuambia muziki huu ni wa kigeni. Ndiyo, ni wa kigeni. Ulilelewa Goa, katika fukwe za Anjuna, ambako tangu mwisho wa miaka ya 1960 walifika vijana wa Ulaya na Marekani waliokimbia kwao. Katika miaka ya 1980 wapigaji wao wakaiacha roki na kushika muziki wa umeme, wakaupiga kwa kanda, kwa maana sahani za santuri hazipatani na joto na vumbi. (Goa yenyewe si mbali nasi kama tudhanivyo: makarani na washoni wa Kigoa wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam wazee wetu waliwajua kwa majina.) Lakini gitaa nalo ni la nani? Na tarumbeta? Tumecheza dansi kwa vyombo hivyo tangu kabla ya Uhuru, na leo twaliita ni letu.

Watatuambia pia kwamba jina lake lanuka ulevi. Hili hatulifunikii kawa. Neno "saikedeliki" lilibuniwa katika miaka ya 1950 na daktari Humphry Osmond kwa ajili ya dawa zinazogeuza fahamu, na dawa hizo zilitumiwa sana katika ngoma za Goa. Zimeharibu watu. Hata hivyo aliyeketi usiku kucha akitafuta kosa katika mstari wa 200 wa programu hawezi kuwa amelewa, hesabu haimwachii. Na kupandishwa na mdundo unaorudiarudia hakukuanzia Anjuna. Pwani yetu ina ngoma za kupunga pepo, na fundi wake ajua ni mdundo gani unaomwinua mteja na upi unaomwacha ameketi.

Hapo twawageukia vijana nao, wasije wakadhani tumewaandikia sifa tupu. Wengi wao hawaandiki lolote. Hununua au huiba programu ya watu, hufungua sanduku la sauti zilizokwisha kupikwa ng'ambo, huzipanga, kisha hujiita watunzi. Singeli ya Dar es Salaam, inayopita mapigo 200 kwa dakika na ambayo dunia imeanza kuisikiliza, imetengenezwa na vijana hodari kwa programu zilizoandikwa na wengine. Uhodari wao hatuukani. Twauliza tu ni lini kijana wa Mburahati ataandika programu yenyewe, ambayo ndani yake mdundo wa mchiriku ni kipimo cha msingi, si jambo la kulazimishia. Na akiiandika, ataijadili na mwenzake kwa lugha gani? Kijana wetu yule alisema "chujio" baada ya sisi kumwuliza mara tatu; kabla ya hapo alikuwa akitupa maneno ya Kiingereza, nasi tukaitikia kwa vichwa kama tulioelewa. Darasa la hesabu na darasa la Kiswahili yako katika jengo moja, lakini hatujapata kuona mwalimu wa hili akimwita wa lile waje wahesabu pamoja vipande 16.

Kijana amekwisha kumaliza shule. Wimbo wake haukupigwa tena hadharani. Fomu ya waamuzi imo jaladani, na mbele ya jina lake pameandikwa kwa mkono wetu: "Si muziki."